Mkono Uliobaki Mgongoni

Jumanne, 4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji na maredio yake ya dukani, na shikamoo kubwa kwa Mama, ambaye najua amekaa karibu na dirisha akikusikiliza, na ameshakukatiza kuuliza kama nimeandika kwamba ninakula. Mama, ninakula. Juzi mwenye nyumba kasema nimeanza kuota kitambi, na yeye si mtu wa kusifia bure.

Huku ni salama. Chumba changu kimepakwa rangi upya, kijani ile ya wodi za hospitali, nikiamka nadhani nimelazwa. Mkono wangu wa kushoto umeteguka kidogo. Niliteleza kwenye ngazi kazini, si jambo la kutisha, daktari kanipa mapumziko ya wiki kadhaa. Vioo vya mji huu vitajisafisha vyenyewe.

Magoti ya Mama yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua asiiweke kidogo kidogo kama anapaka manukato. Apake hasa.

Ni mimi, kaka yako.

*(Karatasi ya pili, iliyokunjwa mara nne ndani ya ile ya kwanza)*

Hii ni yako peke yako. Usimsomee Mama.

Sikuteleza kwenye ngazi. Ijumaa ile ya wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi, nilikuwa ghorofa ya tisa na Mluzi, tunasafisha vioo vya jengo la ofisi. Mluzi nimeshakutajia: mwenzangu wa miaka saba, anayepiga mluzi tangu asubuhi mpaka msimamizi anaomba amani. Tunasimama ndani ya jukwaa la chuma linaloning'inia kwa waya mbili. Sisi tunaliita kikapu. Mimi nilikuwa mwisho wa kulia, yeye mwisho wa kushoto, kama hatua nne kati yetu.

Waya wa upande wangu ukalegea. Kikapu kikainama kama mtu anamwaga maji ya beseni. Ndoo zilitangulia. Nikaanza kuteleza kuzifuata, sina cha kushika.

Hapo mkono ukanizuia. Sina neno jingine, mdogo wangu. Kiganja kizima, katikati ya mabega, vidole vitano vimetanuka. Ulinisukuma ukanibana kwenye kona, kati ya ukingo na mashine ya kupandishia, uso wangu umekandamizwa kwenye wavu wa chuma. Kikapu kikaruka mara ya pili. Nikafumba macho. Nilipofumbua, nikaona chini kupitia kwenye wavu. Mluzi alikuwa kule chini, kwenye vigae, na watu wanakimbia.

Na mkono ulikuwa bado mgongoni mwangu.

Nilikaa hivyo dakika arobaini, mpaka zimamoto wakavunja kioo cha ghorofa ya nane na kunivutia ndani. Dakika zote hizo haukuondoka. Upepo ulikuwa unanipiga mwili mzima isipokuwa pale. Pale palikuwa na joto. Waliponishika miguu, ukaondoka taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayemwachia mtoto aliyelala.

Unanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nasinzia Mama akiomba. Mluzi ndiye aliyekuwa mtu wa maombi, kila asubuhi. Na Mluzi ndiye tuliyemzika.

Niambie kitu. Wewe ndiye mwenye akili ya kupima.


Jumatano, 19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama amefurahia habari ya kitambi. Kuhusu ngazi aliuliza ilikuwa na hatua ngapi, nikasema tatu, akasema mtu mzima haanguki ngazi ya hatua tatu isipokuwa ana mawazo, basi ameamua kwamba umepata mchumba. Nimemwacha na furaha yake. Unaona unavyonifanya mwongo.

Shemeji yako anakusalimu. Mimi wiki hii nimezunguka na mawe yangu ya kupimia, nimekagua mizani ishirini na tatu. Mchinjaji mmoja mizani yake ilikuwa inaongeza gramu mia. Alikana. Mizani haikukana.

Karatasi yako niliisomea stoo, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mara tatu. Nililia kwanza, ujue hilo. Kisha nikashukuru kwamba una mikono ya kuandikia. Sasa nakujibu kama ulivyotaka.

Kaka, ulibanwa na kitu. Kamba ya akiba, mkanda wa ndoo, kipande cha ukingo kilichopinda. Mashine ya kupandishia ikifanya kazi huwa ya moto, na joto hilo ndilo ulilolisikia. Mtu aliyeogopa hivyo anaweza kupewa kijiko akasema ni mkono. Sikucheki. Nasema tu kwamba mwili wako ulikuwa unatafuta mtu, ukamtengeneza kwa vilivyokuwepo. Nichoree hiyo kona, uniwekee na vipimo.

Na pole kwa Mluzi. Najua ulikuwa unamlalamikia kila barua, na najua maana yake.

Swali moja hukuligusa. Mikanda ya usalama si huwa mnafunga? Wako ulikuwa umefungwa?

Mdogo wako.


Jumamosi, 8 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Ile ya Mama nimeiandika kando, ina habari za paka wa mwenye nyumba aliyezaa kwenye kabati langu. Habari hiyo ni ya kweli. Mwambie mchumba hayupo, lakini paka wapo watano.

Mchoro ni huu. Kikapu kimeshushwa, kimelazwa uani nyuma ya jengo. Niliomba ruhusa nikaingia, nikajibana tena kwenye kona ile ile, nikalaza uso kwenye wavu. Msimamizi alisimama akinitazama.

"Unatafuta nini humo?"

"Kuna kitu nilisahau."

Akageuka akaenda zake. Kumbe na yeye ananionea huruma.

Hakuna kinachofika mgongoni, mdogo wangu. Nimenyoosha mkono nyuma, nimepapasa, ni hewa tupu. Mashine unayoisema ilikuwa mbele, kifuani. Alama yake ninayo mpaka leo, imegeuka rangi ya zambarau. Mgongoni daktari hakuona hata mkwaruzo.

Nikueleze juu ya Mluzi. Kila asubuhi kabla hatujapanda alikuwa anaweka kiganja kwenye ukuta wa jengo, anafumba macho, midomo inacheza. Mimi nilikuwa namwambia, "Maliza kuongea na zege tupande." Yeye anacheka, anaanza kupiga mluzi, tunapanda. Miaka saba. Sasa jana nilisimama mbele ya ukuta ule nikaweka kiganja. Sikujua niseme nini. Nilikuwa kama mtu aliyekosea namba, simu ikapokelewa, akabaki ameshika tu.

Maana hapo ndipo ninapokwama. Kama hakuna kitu, basi nilikuwa peke yangu, na mimi najua sikuwa peke yangu. Kama kipo, kilishika asiyeomba kikamwacha anayeomba. Nikilala nakigeuza, nikiamka nakigeuza. Wala sijui kama ninachosikia ni furaha au hofu. Natembea barabarani na ninaogopa kugeuka nyuma, si kwa sababu nadhani kuna kitu kibaya. Naogopa nisimkute mtu, na naogopa nimkute.

Mke wa Mluzi ameniita mara mbili. Sijaenda.

Kaka yako.


Ijumaa, 21 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo, anataka paka mmoja. Shemeji yako mzima.

Swali langu la mkanda hukulijibu. Nimeliona hilo pengo, mimi kazi yangu ni kuona kinachopungua.

Nimekaa na barua yako wiki nzima nikajaribu kuandika kwa upole. Nimeshindwa, kwa hiyo nisamehe.

Unaniambia kuna mkono. Unakumbuka binti yangu aliishi siku kumi na moja. Ulikuja kwenye mazishi, ukakaa siku mbili, ukarudi kazini, sikukulaumu. Lakini kuna jambo sikukuambia wala sikumwambia Mama. Kila asubuhi walikuwa wanamweka kwenye mizani ya kliniki, na kila asubuhi namba inashuka. Siku ya nane niliomba. Mimi, ambaye nilikuwa nimeacha tangu shuleni. Sikuomba mtoto apone, niliona ni kuomba kikubwa mno. Niliomba mizani iwe mbovu. Nikaenda nyumbani nikachukua mawe yangu, nikarudi, muuguzi akanipisha, nikaipima mizani ile mwenyewe.

Ilikuwa sawasawa. Haikukosea hata gramu moja.

Sasa niambie. Huo mkono wenye joto, wenye vidole vitano, unaojua kumbana mtu mzima wa kilo themanini ghorofa ya tisa, wiki ile ulikuwa wapi? Alikuwa na kilo moja na nusu tu, kaka. Angebebeka.

Usiniandikie tena habari za mkono. Niandikie habari za paka.

Mdogo wako.


Jumatano, 30 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Wiki tano na siku tano hakuna barua. Simu unajibu "niko sawa" na kukata.

Mama anauliza kila akisikia kengele ya baiskeli ya tarishi. Jumapili nilishika karatasi tupu nikamsomea barua yako niliyoitunga mwenyewe: mkono umepona, paka wamefumbua macho, umenunua viatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Siku hizi anaandika kama wewe."

Niliyoandika niliandika kwa uchungu, na bado nayaamini. Lakini sikusema nyamaza. Nilisema usizungumze habari moja tu. Niandikie hata hiyo.

Mdogo wako.


Jumamosi, 17 Mei

Mdogo wangu,

Nisamehe. Hukunikosea. Barua yako niliibeba mfukoni mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Nilipofika pale uliposema uliomba mizani iwe mbovu, nililazimika kukaa chini, ukingoni mwa barabara, watu wananiruka. Miaka sita na sikujua. Sina jibu la swali lako. Nimelitafuta, sina, na sitalitengeneza.

Nilinyamaza kwa sababu nyingine. Sasa nakuambia.

Mwanzoni mwa Aprili nilikwenda kwenye lile jengo kuchukua vitu vyangu stoo. Kwenye korido mama mmoja anayefanya usafi wa ofisi za ghorofa ya tisa akaniona, akaweka ufagio chini. Akasema, "Ni wewe." Siku ile alikuwa anapiga deki upande wa pili wa kioo, mita mbili kutoka kwetu. Aliona kila kitu, kisha akaugua kwa mshtuko, akakaa kwao wiki nane.

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wachunguzi.

"Hakuna aliyeniuliza. Mimi huulizwa habari za sakafu, siulizwi habari za dirishani."

Sasa sikiliza alichoona, nakuandikia kama alivyosema. Kikapu kilipoinama mara ya kwanza, Mluzi hakuteleza. Alikuwa amefunga mkanda, kulabu imemshika. Alikuwa salama. Akanitazama ninavyokwenda. Akapeleka mkono kwenye kulabu, akaifungua. Akateremka kwenye lile jukwaa lililoinama kama mtu anayeteremka mlima kwa makalio, akanifikia, akaweka kiganja mgongoni kwangu, akanisukuma kwa nguvu zake zote kwenye kona. Kisha kikapu kikaruka mara ya pili. Mimi nilikuwa nimebanwa. Yeye hakuwa na cha kushika.

Mama yule akanionyesha kwa kiganja chake hewani jinsi ilivyokuwa. Vidole vitano vimetanuka.

Na swali lako la mkanda ni hili: wangu haukuwa umefungwa. Kilibaki kioo kimoja mwishoni, kamba haikufika, nikaona uvivu kuhamisha kulabu. Nikaifungua. Ndiyo. Wachunguzi walikuta kulabu zote mbili ziko wazi, wakaandika uzembe wa wafanyakazi wote wawili. Mimi waliponiuliza nilisema sikumbuki. Nilijua Mluzi hajawahi kufungua kulabu yake hata siku moja kwa miaka saba, nikasema sikumbuki. Mke wake ameambiwa kwamba mume wake alikufa kwa kutojifunga. Ndiyo maana siendi kwake. Nilikuwa nimekaa nakuuliza habari za mbinguni huku nimekalia hili.

Kwa hiyo ulikuwa na haki. Mkono una maelezo. Ulikuwa wa mtu, ninamjua, nilikula naye mchana kila siku.

Lakini kuna hili, mdogo wangu. Nilimwona chini. Nilimwona kwa macho yangu, kupitia kwenye wavu, amelala. Na mkono ulikuwa bado upo. Dakika arobaini.

Kaka yako.


Jumatatu, 2 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Wote wazima.

Ngoja nikupe maelezo, kwa sababu ninayo. Ukivaa saa ya mkononi miaka mingi, siku ukiivua bado unaisikia. Ngozi hushika ilichobanwa nacho. Mtu alikusukuma kwa nguvu zake zote, ngozi ikashika, na wewe hukuwa na kazi nyingine yoyote ila kuisikiliza. Ni maelezo mazuri. Ningeweza kumweleza mtu yeyote.

Nimeiandika sentensi hiyo kisha nimeitazama kwa muda mrefu. Haijapungua kitu. Lakini nimekumbuka kwamba mkono ukikubana kwa nguvu, ngozi hushika maumivu. Wewe hujasema hata mara moja kwamba uliuma. Ulisema ulikuwa kama wa mtu anayemwachia mtoto aliyelala.

Sijui, kaka. Ni mara yangu ya kwanza kuandika neno hilo kwenye karatasi bila kuona aibu. Nilipofika pale alipofungua kulabu, nilitoka nje nikasimama uani mpaka shemeji yako akanifuata kuuliza kama nimeungua. Ukiondoa mkono wote uliobaki, ukaniachia huo wa kwanza tu, ule unaopimika, ulioshuhudiwa na mama wa usafi, bado sijui niuweke kwenye mizani gani. Mtu alikuwa salama akafungua.

Nenda kwa mke wake. Usimpelekee habari za mbinguni. Mpelekee habari ya kulabu. Kisha nenda ofisini ukafute lile "sikumbuki".

Mdogo wako.


Jumatatu, 23 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote. Nimekwenda.

Anashona sare za shule. Chumba chake cha kazi kina dirisha moja, cherehani mbili, na vitambaa vya buluu vimepangwa mpaka karibu na dari. Nilimkuta anashona sketi. Hakusimama. Alinionyesha kiti kwa kidevu, pini ziko mdomoni.

Nilisema yote bila kupumzika, nikitazama sakafu yenye vipande vya nyuzi. Wangu ulikuwa wazi kwa uvivu. Wake ulikuwa umefungwa. Aliufungua kuja kwangu. Nami nikasema sikumbuki.

Cherehani haikusimama. Alishona ule mshono mpaka mwisho, akakata uzi, akatoa pini mdomoni moja moja akazichoma kwenye kimto chake cha pini. Nikajua sasa ananifukuza.

Akasema, "Alikuwa amefunga."

"Alikuwa amefunga."

"Nilijua. Mtu ambaye komeo la choo analikagua mara mbili. Walipokuja kuniambia hakujifunga, niliwauliza kama wana hakika wamemleta mume wangu na si wa mwingine." Akacheka, halafu kicheko kikageuka, akajifuta kwa kile kitambaa cha buluu. Mimi nilikaa.

Alipotulia akaniuliza nina jambo gani jingine, maana anaona bado nimelishika. Ulinikataza. Nilijaribu. Lakini aliuliza. Nikamweleza mkono, na dakika arobaini, na joto.

Hakushangaa kama nilivyodhani, wala hakusema haleluya. Akasema, "Unajua alikuwa anaomba nini pale ukutani?"

Nikasema sijui, sijawahi kumuuliza, nilikuwa namcheka.

"Alikuwa anasema, mwenzangu haombi, kwa hiyo naomba zamu mbili. Nilimsikia akifanya hivyo hata nyumbani. Kila asubuhi. Yake, halafu yako."

Mdogo wangu, sijui nikueleze vipi. Chumba kile kidogo kilikuwa kikubwa ghafla. Niliona aibu kuwa na viatu miguuni.

Kisha akasimama, akazunguka nyuma ya kiti changu. "Hapa?"

"Chini kidogo. Kushoto."

"Hapa."

"Hapo."

Aliweka kiganja chake akakiacha. Ni kidogo kuliko ule. Nilijua mara moja kwamba si ule. Akauliza, "Ulikuwa na joto hili?" Nikasema zaidi. Akauliza, "Hakuondoka mapema?" Nikasema hapana, alikaa mpaka waliponishika. Akasema, "Ndivyo alivyo," akasimama hivyo na mimi nimeinama, mpaka mteja akabisha hodi.

Siku ya pili nilikwenda ofisini nikaandika maelezo mapya, mama wa usafi akaweka sahihi na yeye. Neno uzembe limetolewa kwake, limebaki kwangu, ni haki yake na ni haki yangu. Nimepigwa marufuku kupanda. Sasa nasafisha vioo vya chini, vile vyenye alama za pua za watoto. Sitaki kulalamika.

Hunisikii nikisema ninaamini. Sijui ndani ya neno hilo watu wanaingiaje. Ila sijaribu tena kulifunga jambo hili. Nimeliacha wazi na ninaishi karibu nalo.

Karatasi hizi zote, za kwanza mpaka hii, msomee Mama. Nimechoka kumwandikia habari za paka.

Kaka yako.


Jumamosi, 5 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimemsomea.

Nilifanya hivyo jana wakati wa chai, chumbani kwake, shemeji yako akiwa dukani. Nilizipanga kwa tarehe, zako na nakala za zangu, hata ile ya siku kumi na moja. Ujue kwanza alikasirika sana. "Miezi mitano mnanisomea habari za paka! Mwanangu ananing'inia hewani, mimi nauliza viatu!" Alinivua cheo cha kuwa msomaji wake, akasema atamtafuta jirani. Kisha akasema, "Endelea."

Kwenye mizani ya kliniki nilisoma haraka nikitazama karatasi tu. Alinyoosha mkono akanishika kifundo, hakuniachia mpaka mwisho wa ukurasa. Hatukusema kitu. Miaka sita, na hatukusema kitu, lakini sasa haikuwa kunyamaza kule kwa zamani.

Nilipomaliza ile ya cherehani nilisubiri mahubiri. Unamjua Mama. Nilikuwa nimejiandaa kusikia "sikuwaambia?" Nilikuwa nimeandaa mpaka majibu.

Alitazama ukutani. Nikadhani amepatwa na kitu, nikamwita, "Mama?"

Akasema polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtu mdogo, "Nimeomba tangu nikiwa msichana. Asubuhi na jioni. Nimewaombea nyie, nimeomba mvua, nimeomba magoti. Na nakwambia kweli, mwanangu, sikuwahi kufikiri kuna mtu amekaa upande wa pili. Nilikuwa naomba kama mtu anavyofagia."

Kisha akasema, "Naogopa."

Mama, kaka. Ambaye hajawahi kuogopa hata nyoka.

Nilitaka kumpa maelezo yangu ya saa ya mkononi. Yalikuwa ulimini. Nikamtazama alivyokaa, mikono imelegea mapajani, amefumbua macho wazi kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba aliyokuwa akipita nje yake maisha yake yote, nikaona maelezo yangu hayana pa kukaa mle chumbani. Alisogea kidogo kwenye kitanda akaniachia nafasi. Hakuomba kwa maneno. Yeye mwenye maneno mengi hakutoa hata moja. Alikuwa kimya tu, anapumua, na ukimya ule ulikuwa na uzito ambao mawe yangu yote hayaufikii.

Mimi sikuomba, kaka. Nikudanganye ili iweje. Bado nina siku zangu kumi na moja, na nitauliza swali langu mpaka nijibiwe au nife nikiuliza.

Lakini alinipa nafasi nikakaa. Shemeji yako alirudi, akaita, akafungua mlango, akatuona, akaurudishia taratibu. Chai ikapoa. Jua likahama kutoka kitandani likaenda ukutani. Nilikuwa na mizani sita za kukagua mchana ule.

Sikutoka.

Mdogo wako.